Livingstone: Alipima nyota vizuri, Mto Lualaba ukampoteza

Ukitaja jina la David Livingstone mjini Kigoma, wengi watakuelekeza Ujiji, kwenye makumbusho yenye miembe inayosemwa imetokana na mwembe ule wa zamani. Hapo ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta mwaka 1871, na salamu yao ikawa maarufu duniani kote.

Lakini yuko Livingstone mwingine ambaye hatajwi sana. Ni yule aliyekaa nje usiku wenzake wakiwa wamelala, mkononi ana kifaa cha kupimia pembe za nyota, ili ajue yuko wapi hasa kwenye uso wa dunia.

Kazi hiyo aliifanya vizuri kwa miaka mingi. Kilichomponza ni kitu kingine. Alikuwa na picha kichwani kuhusu chanzo cha Mto Nile, na vipimo vilipoanza kwenda kinyume na picha hiyo, hakuiacha. Aliifuata mpaka kifo.

Kutoka kiwanda cha pamba hadi kwenye nyota

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813, Blantyre, Scotland. Familia ilikuwa maskini. Akiwa na miaka 10 tu alianza kazi kwenye kiwanda cha pamba, kuanzia alfajiri hadi saa mbili usiku, kisha akitoka anakwenda shule ya jioni. Baadaye alisoma udaktari mjini Glasgow, akajiunga na shirika la wamisionari la London Missionary Society.

Mwishoni mwa 1840 alipanda meli kwenda Afrika Kusini. Safari ilichukua miezi, na nahodha wa meli akamfundisha jambo ambalo halikuwa kwenye masomo yake ya dini wala ya dawa: kutumia nyota na mwezi kujua mahali ulipo.

Mwaka 1852 alipata mwalimu mkubwa zaidi. Huyo ni Thomas Maclear, mkuu wa kituo cha serikali cha kuchunguza nyota pale Cape Town. Maclear alimnoa, na kwa miaka iliyofuata Livingstone alikuwa akimtumia vipimo vyake ili vihesabiwe upya na wataalamu.

Kati ya 1854 na 1856 alivuka Afrika kutoka Luanda upande wa magharibi hadi Quelimane upande wa mashariki. Kwa mara ya kwanza watengeneza ramani wa Ulaya walipata alama za uhakika za katikati ya bara, mahali ambapo ramani zao zilikuwa tupu au zimejaa kubahatisha.

Ilikuwa inafanyikaje?

Kujua uko kusini au kaskazini mwa ikweta kwa kiasi gani, yaani latitudo, si kazi ngumu sana. Unasubiri nyota unayoifahamu ifike juu kabisa kwenye njia yake, unapima pembe yake, unafungua kitabu cha majedwali, unapiga hesabu.

Baharini unapima kutoka pale maji yanapokutana na anga. Nchi kavu kuna milima na miti, hivyo wasafiri walibeba zebaki kwenye sahani. Ilitulia kama kioo. Unapima pembe kati ya nyota na taswira yake ndani ya zebaki, kisha unagawa kwa mbili.

Shida ni longitudo, yaani uko mashariki au magharibi kwa kiasi gani. Hapo unahitaji saa sahihi sana. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa moja. Kwa hiyo saa yako ikikosea dakika moja tu, na wewe uko karibu na ikweta kama Ujiji, utajiweka kwenye ramani karibu kilomita 28 pembeni ya mahali ulipo.

Kipimo cha tatu ni kimo kutoka usawa wa bahari. Hiki kilipimwa kwa kuchemsha maji! Pwani maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Kila ukipanda mita 300 hivi, yanachemka kwa nyuzi moja pungufu. Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha mita 770 hivi, kwa hiyo sufuria ya maji Kigoma huchemka kwenye nyuzi 97 na kitu.

Ni rahisi kukosea hapo. Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Ujiji Februari 1858, walipata kimo cha ziwa kuwa futi 1,850, sawa na mita 560 hivi. Walikosea kwa mita 200. Kwenye kipimajoto, kosa hilo ni pungufu ya nyuzi moja.

Swali lililomleta Tanganyika

Burton na Speke walirudi Ulaya wakiwa maadui. Speke alikuwa ameliona ziwa kubwa la kaskazini, Victoria, akasema hilo ndilo chanzo cha Nile. Burton hakukubali. Kwake, maji ya Ziwa Tanganyika yangeweza kutoka upande wa kaskazini kupitia Mto Rusizi na kwenda kuungana na Nile.

Wote wawili walikuwa na mapengo. Speke hakuwa amelizunguka ziwa lake. Burton alifika Uvira lakini hakufika mdomoni mwa Rusizi, na wenyeji walikuwa wamewaambia mto huo unaingia ziwani, hautoki. Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wao mjini Bath, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni.

Royal Geographical Society ya London ikamwomba Livingstone akamalize ubishi.

Yeye alikuwa na sababu yake. Alikuwa ameona biashara ya watumwa kwa macho, na aliamini kwamba mtu atakayegundua chanzo cha Nile atasikilizwa na wakubwa wa Ulaya akisema biashara hiyo ikomeshwe. Kwake Nile ilikuwa kipaza sauti.

Pia alihitaji kurudisha heshima. Safari yake ya Zambezi ya 1858 hadi 1864 ilikwenda vibaya. Alikuwa ameiambia serikali ya Uingereza kwamba meli zinaweza kupanda mto huo, kumbe mwaka 1856 alikuwa amekatiza nchi kavu na hakuyaona maporomoko ya Cahora Bassa. Meli ilipofika hapo, ikakwama. Mke wake, Mary, alifariki katika safari hiyo mwaka 1862.

Hilo lilikuwa onyo: sehemu aliyoipima ilikuwa sahihi, sehemu aliyoikisia ndiyo iliyomwangusha.

Saa yaanguka, dawa zaibwa

Livingstone alifika Zanzibar Januari 1866, akashukia Mikindani mwezi Machi. Katika msafara wake walikuwemo Chuma na Susi, vijana ambao majina yao leo hayatenganishwi na lake.

Mambo yaliharibika mapema. Mbebaji wa saa zake aliteleza na kuanguka, saa zikapata mshtuko. Tangu hapo longitudo zake zikawa na kosa ambalo yeye mwenyewe hakuweza kuliona lote. Januari 1867 sanduku la dawa nalo likaibwa. Kwa mtu aliyekuwa akiugua malaria mara kwa mara, hiyo ilikuwa kama kuhukumiwa.

Aprili 1867 alifika kusini mwa Ziwa Tanganyika. Wenyeji waliliita Liemba, na mwanzoni alidhani ni ziwa tofauti. Jina hilo ndilo baadaye likapewa meli ya MV Liemba, ambayo watu wa Kigoma wameipanda kwa vizazi.

Aliendelea hadi Ziwa Mweru Novemba 1867, na Ziwa Bangweulu Julai 1868. Aliona maji ya Bangweulu yanaingia Mweru, na ya Mweru yanatoka kuelekea kaskazini, yakiitwa Lualaba. Hapo ndipo wazo lilipomkaa: huu ndio mwanzo wa Nile.

Alifika Ujiji Machi 14, 1869, mgonjwa wa mapafu, akiwa amebebwa. Vitu alivyotumiwa kutoka pwani vilikuwa vimeporwa njiani. Ni wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, baadhi yao wenye mikono kwenye biashara ile ile aliyoichukia, waliomsaidia kubaki hai. Tippu Tip alikuwa mmoja wao.

Nyangwe

Julai 1869 aliondoka Ujiji kwenda Manyema, ng'ambo ya ziwa, akiutafuta Lualaba. Alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871. Mto aliouona ulikuwa mkubwa kuliko alivyotarajia, na ulikuwa unatiririka kuelekea kaskazini.

Kuelekea kaskazini ilimfurahisha. Ukubwa wake ulimsumbua. Kimo chake pia. Vipimo vyake viliuweka mto kwenye zaidi kidogo ya futi 2,000, karibu sawa na makadirio ya wakati ule ya kimo cha Nile pale Gondokoro, jirani na Juba ya leo. Kati ya Nyangwe na Gondokoro ni karibu kilomita 1,200 kwa mstari ulionyooka. Maji hayawezi kusafiri umbali huo bila mteremko.

Kwenye maandishi yake Livingstone alikiri hofu kwamba huenda anaufuata Mto Kongo. Hofu hiyo aliiandika, kisha akaiweka kando. Alikuwa amesoma habari za kale za Herodotus kuhusu chemchemi za Nile, na alitaka ziwe kweli.

Njia ya kumaliza ubishi ilikuwa moja: kupanda mtumbwi na kuufuata mto. Lakini watu wa pale hawakumpa mtumbwi. Walimwona amekuja na wafanyabiashara wa watumwa, wakamhesabu kuwa ni mwenzao.

Julai 15, 1871, watu wa wafanyabiashara hao walifyatua bunduki kwenye soko la Nyangwe, siku ambayo soko lilikuwa limejaa, wengi wao wanawake. Watu walikimbilia mtoni, wengi wakazama. Livingstone alikadiria waliokufa kuwa kati ya 300 na 400. Karatasi zilikuwa zimemwishia, hivyo aliandika juu ya gazeti la zamani, kwa wino aliotengeneza kwa mbegu za mmea.

Hakuweza kubaki. Alirudi Ujiji kwa miguu, akafika Oktoba 1871 akiwa mifupa mitupu, na kukuta bidhaa zake nyingine zimeuzwa zote.

Jaribio la Rusizi

Siku chache baadaye akaingia Stanley. Hata tarehe ya kukutana kwao haikubaliani. Stanley aliandika Novemba 10. Daftari la Livingstone linaonyesha siku za mwisho za Oktoba. Mtu aliyekaa porini miaka mitano, anaumwa, anaweza kupoteza hesabu ya siku.

Novemba hiyo wawili hao walifanya jambo ambalo Burton hakulifanya. Walichukua mtumbwi pale Ujiji na wapiga makasia, wakaenda hadi kaskazini kabisa mwa ziwa. Walifika mdomoni mwa Rusizi, wakaangalia maji.

Mto ulikuwa unaingia ziwani, kama wenyeji walivyosema miaka 13 nyuma.

Nadharia ya Burton ikafa hapo, na Livingstone aliikubali hukumu ya maji. Ubishi wa miaka ulimalizwa na safari ya wiki chache. Kuhusu Lualaba hakuwahi kuipata nafasi ya namna hiyo.

Stanley alimsihi warudi wote Uingereza. Akakataa. Desemba 27, 1871 waliondoka Ujiji kwenda Tabora, wakaagana Machi 14, 1872. Livingstone alisubiri wabebaji na mizigo mipya hadi Agosti, kisha akaelekea kusini tena, kutafuta chemchemi za Herodotus.

Mawingu ya Bangweulu

Alifika kwenye mabwawa ya Bangweulu wakati wa masika makali. Mawingu yalifunika anga, na bila nyota hakuwa na kipimo. Alipojaribu kutumia vipimo vyake vya 1868, navyo vilikuwa na lile kosa la saa zilizoanguka. Mtu aliyewaonyesha watengeneza ramani katikati ya Afrika akawa anazunguka kwenye maji na matete asijue yuko upande gani wa ziwa.

Alikuwa anatoka damu tumboni. Wenzake walimbeba kwenye machela hadi kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Alifariki hapo mwanzoni mwa Mei 1873, akiwa na miaka 60.

Chuma, Susi na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, na kuubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, pamoja na vifaa na maandishi yake. Walifika Februari 1874. Bila wao vipimo vyote vya miaka saba vingepotea. Aprili 18, 1874 alizikwa Westminster Abbey, London.

Cameron alipopima

Mwezi ule ule wa Februari 1874, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Verney Lovett Cameron, alifika Ujiji. Alikuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Tabora alikutana na Chuma na Susi wakiwa na maiti, akaamua kuendelea mbele. Ujiji alikuta karatasi ambazo Livingstone alikuwa ameziacha, akazituma pwani.

Cameron alizunguka sehemu ya kusini ya Ziwa Tanganyika, na Mei 1874 akaupata Mto Lukuga, mahali maji yanapotokea ziwani kuelekea magharibi. Agosti alifika Nyangwe na kupima.

Alipata kimo cha futi 1,400 hivi. Kwa hesabu zake hiyo ilikuwa karibu futi 500 chini ya Nile pale Gondokoro. Pia maji ya Lualaba yalikuwa mengi mara kadhaa kuliko ya Nile mahali pale. Mto hauwezi kupanda mlima, na hauwezi kupoteza maji kiasi hicho bila sababu. Lualaba haikuwa Nile.

Stanley alikuja kumaliza kazi. Alipita Ujiji mwaka 1876, akaufuata Lualaba hadi mwisho, na Agosti 1877 akatokea Boma, karibu na Bahari ya Atlantiki. Ulikuwa Kongo, kama Livingstone alivyoogopa.

Mwanga usioonekana

Habari ya Livingstone haikuishia karne ya 19. Yale maandishi yake ya Nyangwe, ya wino wa mbegu juu ya gazeti, yalififia hadi hayasomeki. Watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki waliyapiga picha kwa mwanga wa aina nyingi, ukiwemo wa urujuanimno ambao jicho la binadamu haliuoni. Mwaka 2011 maandishi hayo yakatolewa hadharani. Yalionyesha tofauti kati ya aliyoandika siku zile za mauaji na aliyonakili baadaye kwa utulivu, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe.

Mwanga huo huo ndio unaotumika leo kuwakamata wanasayansi wa nyota wanapokisia. Mfano ni Alpha Centauri, nyota angavu inayoonekana vizuri juu ya Ziwa Tanganyika. Joto lake linakaribiana na la Jua, na nyota za joto hilo huitwa baridi zikilinganishwa na zile za buluu. Wataalamu hutengeneza kwa kompyuta mfano wa angahewa ya nyota kama hizo, kisha wanakokotoa mwanga wa urujuanimno unaopaswa kutoka. Hewa ya dunia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, kwa hiyo unapimwa na vyombo vilivyo angani kama darubini ya Hubble.

Mifano ya zamani ilitoa mwanga mwingi kuliko uliopimwa. Sehemu ya sababu ni kwamba hesabu ziliacha atomi nyingi, hasa za madini ya chuma, zinazomeza mwanga huo njiani. Ikabidi mifano irekebishwe, kwa sababu vipimo vilikataa.

Kilichobaki

Wazo la Livingstone kuhusu Lualaba lilianguka mwaka mmoja tu baada ya kifo chake. Vipimo vyake vya nyota vilibaki kwenye ramani, vikarekebishwa palipokuwa na kosa la saa.

Na taarifa yake ya Nyangwe, iliyofika Uingereza kupitia Stanley, ndiyo iliyofanya kazi aliyotaka Nile imfanyie. Iliongeza hasira ya umma dhidi ya biashara ya watumwa. Juni 1873, chini ya shinikizo la Uingereza, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara hiyo baharini na kufunga soko la watumwa. Livingstone alikuwa ameshafariki wiki chache kabla, na yeye mwenyewe hakuwa amepata chanzo chochote cha Nile.